Malalamiko Kuhusu Mwiko wa Mama na Bastola za Kimaiyo

Stechford, Birmingham
Jumanne, mtoto akiwa amelala

Kwako Mzee Kipchumba, uliyeongoza ujumbe wa kuja kuniposa,

Pokea salamu zangu za heshima. Kwanza naomba radhi kwa kukawia hivi. Barua hii niliianza mwezi wa pili. Kisha Kigen akaanza kuota meno, nikabadilishiwa zamu kule ninakotunza wazee, na karatasi ya kwanza mkubwa wake Jemeli akachora punda juu yake. Usidhani nimenyamaza kwa sababu nyumba ina amani. Nimenyamaza kwa kukosa mkono wa tatu.

Mzee, unakumbuka siku ile kwetu baba yangu aliuliza kama kijana wenu ana tabia yoyote tunayopaswa kuijua mapema. Ulisimama, ukakohoa, ukasema hanywi, havuti, na hata ng'ombe anawaogopa kidogo. Watu wakacheka, baba akakubali. Sasa ni miaka sita, nami nakuarifu rasmi kwamba kuna jambo halikutajwa. Kijana wenu Kimaiyo anakusanya bastola.

Usishtuke, si za ujambazi. Ni za mtindo wa zamani, za wale wachunga ng'ombe wa Amerika wenye kofia pana. Zinajazwa baruti nyeusi kwa mkono, tundu moja baada ya jingine, na kila akitaka kufyatua lazima kwanza avute nyundo nyuma kwa kidole gumba. Anazo tatu. Ana kibali cha polisi, na kabati la chuma lililopigiliwa ukutani, lenye kufuli mbili. Kabati la nguo zangu halina hata mlango.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Semolina. Huku unga wetu haupatikani kila duka, kwa hivyo ugali wa nyumba hii na uji wa Kigen ni wa semolina, ngano yao ya chengachenga. Kimaiyo naye anasema baruti peke yake haijazi tundu, lazima aongeze semolina kidogo juu yake kabla ya kutia risasi. Wiki jana nilifungua kopo nikakuta vumbi. Nikamuuliza mtoto atakula nini. Akanijibu kwa upole kabisa, "Lakini Mama Jemeli, hii inakula kidogo sana." Mzee, mimi nimezaa watoto wawili. Bastola sijazaa.

2. Jiko. Baruti nyeusi huacha masizi, na masizi hayo hayatoki ila kwa maji moto na sabuni. Maji ni yangu, sabuni yangu, sinki langu. Akishaosha anazipanga kwenye oveni zikauke, na nyumba inanuka mayai viza mpaka Jumatano. Mwalimu wa Jemeli alimuuliza Jumapili kwao hupikwa nini. Mtoto, kwa Kiingereza chake kilichonyooka, akasema baba hupika bastola kwa moto mdogo. Niliitwa. Nilijieleza nusu saa nzima nikionyesha picha ya kibali kwenye simu, na Kigen mgongoni akitafuna mkanda wa mkoba.

3. Ng'ombe wenyewe. Hili ndilo linaloniumiza kichwa. Huyu ni mtu aliyekimbia ng'ombe. Wewe mwenyewe ulisimulia jinsi alivyokuwa akijificha shule siku ya kuogesha mifugo. Akavuka bahari ili asione kwato tena maishani. Leo, Jumapili mbili kila mwezi, anavaa kofia na kizibao cha ngozi, anaabiri treni, anakwenda kulipa ada ili aitwe mchunga ng'ombe. Klabuni kila mtu sharti awe na jina la uchungaji, na yeye amejiita Sirwo, jina la dume la marehemu babake. Wazungu wastaafu saba wanasimama kwenye matope wakiita, "Sirwo, zamu yako." Dume lenyewe lilikuwa na heshima kuliko hivyo.

4. Alama. Amepeleka bastola moja mtaa wa Hockley kwa Rajni, sonara, achore ubavuni ile alama mnayowachoma ng'ombe wa ukoo. Rajni alinipigia simu nikiwa kazini, namvalisha bibi mmoja soksi, kuniuliza mkia wa alama unapinda wapi. Nikasema kulia. Kama nimekosea, kosa ni la ukoo, maana hamkunifundisha.

5. Mchungaji. Nilimwita Mchungaji Athanase wa kanisani kwetu aje kumwonya. Nilitarajia mengi, kwa sababu yule alikimbia bunduki za kweli kutoka Kongo na watoto wanne. Kimaiyo akamwonyesha hatua kwa hatua: baruti, semolina, risasi, kisha mafuta juu ya kila tundu, kisha fataki ndogo nyuma. Mchungaji akatazama saa yake. Akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Mama, kama bunduki zote zingekuwa za kupikiwa uji hivi, sisi tungekuwa Uvira mpaka leo." Akafuta machozi. Kisha akauliza kama hapo klabuni wanakubali wageni.

6. Mwiko. Hapa sicheki. Mama yangu hakuniachia shamba wala mkufu. Aliniachia mwiko wa mzaituni aliosongea ugali miaka ishirini na mbili, mweusi upande mmoja kwa moto. Mwezi uliopita niliufungua mfuko wa msasa wa Kimaiyo nikaukuta ndani, umekatwa, umechongwa, umepigwa mafuta, umekuwa mpini wa bastola. Sikupiga kelele kwa sababu mtoto alikuwa ananyonya. Siku hizi nasonga kwa kijiko cha plastiki kinachopinda kama mtu anayeomba msamaha.

Kwa hayo yote, naiomba kamati ya posa iliyomdhamini ikutane tena, hata kwa simu, iamue hivi: kwamba Kimaiyo arudishwe huko kwenu Iten miezi mitatu, akabidhiwe ng'ombe halisi arobaini na fimbo moja, na asiruhusiwe kupanda ndege mpaka atamke mbele ya mashahidi kwamba uchungaji umemtosha. Nauli muichange nyinyi, kwa kuwa mlisema hana tabia yoyote.

Nisalimie wote: mama wa nyumba yako, walimu, kwaya, na yule ndama niliyeambiwa kapewa jina langu. Nabaki mkaza mwana wenu, mwenye heshima na uchovu,

Jelagat

Tanbihi. Barua hii imekaa mkobani siku tano ikingoja stempu, na hapo katikati Jumamosi ikapita. Ilikuwa siku ya wageni klabuni. Nilikwenda ili nimwaibishe. Akaniwekea mkononi ile ndogo, yenye mpini wa mwiko, nao ukakaa kiganjani kama uliozaliwa hapo. Kumbe alinipima vidole kwa uzi siku niliposinzia kwenye kochi. Nilipiga bati tano za shabaha kwa risasi tano. Dakika kumi nzima hakuna mtu aliyenivuta sketi. Amesema hiyo ni yangu kibali changu kikitoka, na fomu nimeshajaza.

Nilisahau pia kukueleza kwamba mwiko ulikuwa umeshavunjika. Ulivunjikia mikononi mwangu Krismasi, nikautia kwenye pipa nikilia. Ni yeye aliyeutoa.

Kwa hivyo wale ng'ombe arobaini wasimngoje kwanza. Zilpah, jirani yetu aliyekuja huko likizo, anarudi huku tarehe ishirini. Tafadhali mpe:

mwiko wa mzaituni, mrefu, wa kusongea tu;
kibuyu cha kugandishia maziwa ya mursik, kikavu;
unga wa mahindi kilo nne, maana semolina sasa tunaigombania wawili;
na jibu kwa maandishi, mkia wa alama unapinda kulia au kushoto. Rajni anaanza yangu Jumatatu.