Mwalimu Harub na Soko la Jumatano

Jumapili, 12 Januari
Dada yangu Khole kapata wazimu. Ati wanawe, Yazan na Mazoon, Kiswahili chao kimemezwa na Kiarabu, basi likizo hii wasomeshwe na jirani, Mama Upendo! Mkristo wa Moshi, mumewe nesi hapa Ibra, Omani. Mwanawe hampeleki skuli, humfundisha nyumbani: sala, wimbo, kisha somo. Hayo yake. Lakini Kiswahili cha bara kwa wajukuu wa Unguja? Tena darasa liwe majlis, sebule ya wageni ninamolala mie, penye AC! Mie nihamie kile kichumba cha juu ya paa, kwenye matangi ya maji.
Nikasema mwalimu yumo humu humu ndani. Khole akacheka mpaka akapaliwa. Tumekubaliana: Alhamisi atawasikiliza watoto. Wakilijua somo langu, majlis yangu.

Jumatatu, 13 Januari
Somo: mtu kutenda haraka, wa pili haraka zaidi, wa tatu haraka kuliko wote. Upuuzi mwepesi. Skuli niliiacha darasa la sita, walimu walipoishiwa la kunifunza.
Nikatoa mfano wa kweli. Ufukweni Ras al Jinz niliwahi kushindana na kasa. Kasa haraka, mie haraka zaidi, akanipisha kwa adabu. Yazan akauliza kasa huyo alikuwa majini au mchangani akitaga. Mtoto hana malezi! Mazoon keshalala. Kalala haraka kuliko wote, lakini sikumpa maksi.

Jumanne, 14 Januari
Nimechungulia ukutani kwa Mama Upendo. Watoto wamebeba mayai kwa vijiko, huyu anakwenda polepole, yule polepole zaidi. Hiyo si elimu, ni staftahi. Na wangu wawili wamo, wanacheka. Wasaliti! Mwanamke akaniona, akaniamkia shikamoo. Mie na yeye rika moja! Tusi lile. Marahaba niliitoa kwa ukali.
Basi kesho nawapeleka sokoni, wajifunze kwa watu hai. Khole akanikumbusha kesho Jumatano, soko la wanawake, mwanamume hatii mguu, Ibra nzima inajua. Nikamwambia marufuku ile ni ya wanunuzi. Mie mwalimu.

Jumatano, 15 Januari
Soko limejaa barakoa, vitambaa na udi. Nikasimama katikati, kofia yangu ya viua kichwani, nikaelekeza kwa bakora: yule anapima kitambaa taratibu, yule taratibu zaidi. Wa tatu, kizee, akageuka. Akaniuliza kwa Kiarabu kama mama yangu hakunifunza kuona haya. Nikamjibu kwa Kiarabu fasaha kwamba yeye ndiye anayepima taratibu kuliko wote.
Kha! Ndala, ndoo, kelele za Zinjibari toka! Niliondoka kwa heshima. Kofia ilibaki.

Alhamisi, 16 Januari
Mtihani. Mama Upendo naye kaalikwa, kahawa na halua. Mazoon akasimama: Mjomba aliingia taratibu. Alitoka haraka. Kizee alikimbia haraka zaidi. Yazan akamalizia: lakini kofia ya mjomba ilitoka kichwani haraka kuliko wote.
Hawakukosea hata pahala pamoja! Khole machozi yanamtoka kwa kicheko. Mama Upendo akaomba ruhusa mifano ile aitumie darasani kwake.
Nikadai majlis yangu. Khole akakiri somo wamelijua barabara. Ila yule kizee, kumbe, shangazi wa mumewe! Kapiga simu: hakanyagi tena nyumba hii maadamu mie nalala majlis. Na Khole anamwogopa kuliko anavyomwogopa mumewe.

Ijumaa, 17 Januari
Naandika juu ya paa, tangi kulia, tangi kushoto. Wivu umewashinda: Ibra hii nani analala juu kuliko mie? Na chini, kwenye majlis, nasikia Mama Upendo anafundisha kwa mifano yangu. Mwanafunzi wangu huyo sasa.
Ijumaa ijayo nawapeleka watoto Nizwa, mnada wa mbuzi. Khole ananionya mtu haingii kati wanyama wakizungushwa. Hiyo ni ya wanunuzi.