Joho Langu na Ngazi ya Mutsamudu

Leo nimeadhirika. Nimeadhirika bandarini Mutsamudu, mchana kweupe, mbele ya makuli, askari, watu wasiopungua arubaini na mbuzi watatu. Mbuzi nao walinitazama.

Nawaandikia ninyi wenzangu wa chuo huko Unguja kwa sababu mko mbali na hamna njia ya kukutana na wakwe zangu. Niko kwenye duka la intaneti karibu na soko. Kibodi ni ya Kifaransa, herufi haziko nilikozizoea, na jenereta la hapa linakohoa kuliko mwenye duka. Mkiona makosa, vumilieni. Na bega la kulia linaniuma (mtajua kwa nini).

Mnajua nilioa Moroni, mtaa wa Magoudjou. Kule nyumba ni ya mwanamke, mume ndiye anayehamia. Chini anakaa mama mkwe, juu tunakaa mimi na mke wangu Soifia, na mimi mpaka leo ni mgeni wa miaka sita. Mama mkwe anaitwa Mama Zainaba. Ana miaka sabini na mbili, na alizaliwa Majunga. Watu wa visiwa hivi walipofukuzwa kule baada ya fujo za miaka ile, yeye aliteremkia Moroni, na dada yake mkubwa, Mama Echati, akateremkia Mutsamudu kwa mumewe. Bahari iko katikati, lakini kila mwaka Mama Zainaba alikuwa anapanda boti kumfuata dada yake.

Halafu kisiwa hiki cha Mutsamudu kikasema kinajitenga na serikali ya Moroni. Wakubwa wakanuniana, njia zikafungwa, na kina mama hawa wawili wakakaa miaka miwili hawajaonana. Simu ikishika wanalia. Isiposhika wanalia vilevile.

Kama wiki sita nyuma tukasikia kuna boti ya mizigo inaruhusiwa kuchukua na wagonjwa na wazee wachache, kwa barua. Nikaenda kumwona nahodha. Akaniambia sharti lake: maji yakitoka, boti inakaa chini sana ya gati, na njia ya kufika juu ni ngazi ya chuma, vidato saba vilivyosimama wima. Safari iliyopita mzee mmoja alikwama katikati, ikawa kazi nusu saa. "Asiyeweza kupanda kwa miguu yake mwenyewe," akasema, "namrudisha Moroni kwa boti hiyohiyo."

Nikarudi nyumbani nikaeleza. Wakati huo Mama Zainaba alikuwa hawezi kuinuka kitini bila kushika meza, na meza yenyewe tulishaifunga kamba ukutani. Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua. Akasema, "Basi dada tutaonana akhera." Sikuweza kumaliza chai yangu.

Sasa mimi kazi yangu ni nini? Si kunyoosha viungo vya watu hospitalini? Kila siku nawahubiria wazee wa watu kwamba mguu hauzeeki kwa miaka, unazeeka kwa kukaa. Nawapa mazoezi mafupi lakini makali: nusu dakika unainuka na kuketi kwa nguvu zako zote, dakika moja unapumzika, unarudia mara tano, basi, umemaliza, nenda kapike. Nikasema, kwa nini si mama mkwe?

Tatizo likawa heshima. Kumkodolea macho mama wa mkeo huku unamwambia "inuka, keti, inuka, keti" ni kutafuta talaka. Basi tukatundika pazia. Yeye akawa chumbani na kiti chake kimeegemezwa ukutani, Soifia pembeni asianguke, na mimi nje ukumbini na saa yangu, kikombe cha chai na sahani ya sambusa. Nilikuwa nafundisha kwa masikio. Kiti kikilia najua ameketi. Akinilaani najua ameinuka.

Siku ya nne akaingia shemeji yangu mkubwa, anayekaa Ntsoudjini. Akasikia mama yake anahema nyuma ya pazia, akaniona mimi natafuna sambusa na kupiga kelele "bado sekunde kumi, usilegee". Jamani, uso aliougeuza.

"Unamfanya nini mama yangu?"

"Mazoezi, shemeji."

"Mtu mzima hupumzishwa, hapigishwi kwata."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Mwanangu, nimepumzika miaka kumi, na nilichopata ni kushindwa kwenda msalani peke yangu. Nenda zako, unanipotezea sekunde."

Akaenda. Ila mlangoni aliniambia kwa upole wa kutisha kwamba mama akianguka kwenye ile ngazi, mimi nisirudi Magoudjou kuchukua hata viatu.

Wiki ya tatu akainuka bila kushika kitu. Soifia alipiga kigelegele mpaka majirani wakadhani tumepata mtoto. Wiki ya tano akapanda ngazi za nyumba kwa kishindo, kilo tano za mchele mgongoni, mara tatu, na juu akafika akilalamika kwamba sisi ghorofani hatufagii. Nilivimba kichwa. Nilitembea mtaani kama mtu aliyegundua miguu. (Hakuna aliyeniuliza mimi mwenyewe nimeinuka kitini mara ngapi katika hizo wiki tano. Jibu ni kila sahani ya sambusa ilipokwisha.)

Sasa leo.

Alfajiri tunaondoka, Soifia akaniona nimevaa kanzu, kofia ya kushona, makubadhi, na juu yake joho langu la harusi, la kijani, lenye nyuzi za dhahabu mpaka chini.

"Unakwenda kupanda boti au kuoa?" akauliza.

Nikamweleza. Mama Echati hajawahi kuniona. Kila mwaka kazi ilinizuia kwenda kujitambulisha, kisha njia zikafungwa. Mkwe anayeingia mara ya kwanza kwa mama mkubwa wa mkewe anaingia amekamilika, la sivyo watasema binti yao kaokota mtu.

"Vaa suruali, joho uvae ukishafika."

"Watakuja kutupokea bandarini. Wanione nashuka na suruali, nifanane na fundi bomba?"

Akaninyamazia. Mke akinyamaza, mtu mwenye akili hubadilisha nguo. Mimi nikachukua mkoba.

Bahari ilikuwa mbaya. Sitaeleza sana. Mama Zainaba alikula biskuti na kupiga soga na wenye mbuzi. Mimi nilitapika mpaka nikakumbuka vyakula vya juzi. Kila nikiinama alinigeuzia uso kwa heshima, akanipitishia limau bila kutazama.

Tukafika mchana. Maji yametoka, nahodha hakudanganya. Gati lilikuwa juu ya vichwa vyetu, na ngazi ile ya chuma ina kutu na chumvi. Juu amesimama askari wa huku, bunduki begani, anakagua karatasi. Barua yetu ilikuwa moja: mgonjwa na msindikizaji wake.

Mama Zainaba akatangulia. Mimi nikainamisha kichwa, maana mkwe hatazamwi akipanda ngazi. Nikawa nahesabu kwa masikio, kama nilivyozoea. Kidato cha kwanza. Cha pili. Cha tatu, akapumzika. Wallahi, nilikuwa namwona shemeji wa Ntsoudjini amesimama mlangoni na viatu vyangu mkononi. Cha nne. Cha tano. Cha sita. Cha saba. Kisha makuli juu wakasema, "Mashallah, bibi." Nikainua macho. Yuko gatini, amesimama peke yake, anapangusa kutu mikononi.

Nikataka kulia kwa furaha. Nikasema moyoni, hii ni kazi yangu hii.

Ikawa zamu yangu.

Kidato cha kwanza nilipanda vizuri. Cha pili nilikanyaga joho. Nikalitoa, nikapanda cha tatu. Hapo mapaja yakaanza kutetemeka. Yalitetemeka hasa, mtu wa chini akaniuliza kama nina homa. Kubadhi la kushoto likavuka na kuzama. Cha nne nikajivuta kwa mikono, na joho likanasa kwenye msumari wa chuma nyuma ya ngazi. Sipandi, sishuki. Mkoba unanivuta upande mmoja, joho upande wa pili, na boti inapanda na kushuka chini yangu.

Nahodha akaniita kutoka chini. "Sharti ni la kila mtu, bwana. Kama huwezi, shuka, nakurudisha."

Nikacheka kidogo, nikidhani ni mzaha. Askari hakucheka. Alikuwa anasoma barua yetu kwa kidole. "Karatasi ni moja," akasema. "Watu wawili. Msindikizaji akirudi, na mgonjwa anarudi. Hawezi kubaki hapa bila mtu aliyeandikwa."

Nikatazama juu. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita nilimtazama mama mkwe usoni, kisawasawa. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama nyuma ya kamba ya askari, na pale, kama hatua ishirini, kwenye kiti cha plastiki, alikuwa ameketi ajuza mdogo wa umbo aliyejifunga leso ya shiromani nyekundu, amenyoosha mikono yote miwili mbele. Miaka miwili, na hatua ishirini, na katikati yao nimekwama mimi na joho langu la harusi. Niliona haya ambayo sijawahi kuona maishani.

Mama Zainaba akageuka. "Mkwe wangu, vua hilo joho."

"Mama, nikiachia mkono naanguka."

"Bibi, rudi nyuma," askari akasema.

Hakurudi nyuma. Alichuchumaa. Ninyi mnajua maana ya mtu wa miaka sabini na mbili kuchuchumaa chini kabisa, magoti yamekunjika, nyayo zimeshika chini. Hospitali nzima tungepiga makofi. Akashusha mkono, akanikamata ukosi wa kanzu. Mkono wa mama mkwe, shingoni mwangu, hadharani. Nilifumba macho.

"Nikisema inuka, unainuka," akasema. "Usibishane na mimi."

Kisha akapiga kelele, na sauti ilikuwa ileile yangu ya ukumbini, na ukali uleule: "Inuka!"

Nikainuka. Kuli mmoja alikuwa amenifuata kwenye ngazi, akanisukuma kwa chini (mahali sitapataja). Kitu kikapasuka. "Inuka!" Sasa makuli wote wakamwitikia. "Inuka!" Na yeye: "Bado sekunde kumi, usilegee!" Kidato cha tano, cha sita, na cha saba nikatua gatini kifudifudi, bega la kulia likitangulia, nina kubadhi moja, kofia imenigeukia kisogoni, na kanzu imechanika mpaka kiunoni. Joho lilibaki kwenye msumari, linapepea kwa upepo wa bahari. Askari wa pili akaja mbio kuuliza ile ni bendera ya nani na nani ameruhusu itundikwe. Siku hizi huku bendera si jambo la mchezo. Ilibidi mwenzake amweleze, na alipoeleza ilibidi wote wawili waende pembeni kucheka.

Barua ikagongwa muhuri. Mama Zainaba hakungoja. Alizipiga zile hatua ishirini kwa miguu yake.

Mama Echati alipomwona anakuja hivyo, alishika mikono ya kiti akajaribu kuinuka. Mara ya kwanza hakuweza. Mara ya pili akainuka. Wakashikana, wakalia kwa Kimalagasi, lugha ya utoto wao, na hakuna aliyewaingilia. Hata yule askari alitazama baharini. Mimi nililia pia, nawaambieni kweli, na machozi yangu hayakuwa ya bega.

Kisha Mama Echati akaniona nachechemea. Akanitazama kuanzia kofia mpaka mguu mtupu. "Maskini," akamwambia dada yake, "huyu ndiye mgonjwa mliyeandika?"

Nikangoja mama mkwe anitambulishe. Mama mkwe akafikiri kidogo.

"Ndiye," akasema. "Anaendelea vizuri."

Basi nikaketishwa kwenye kile kiti cha plastiki, nikafunikwa shiromani ya mtu, makuli wawili wakanibeba na kiti mpaka kwenye gari. Nyumbani wenzangu wamekula wali, pweza na achari. Mimi nimepewa uji. Nilipojaribu kueleza kwamba mimi ni mtaalamu wa viungo, watu wa nyumba wakanipapasa kichwa na kuniambia nisijichoshe kwa kusema.

Magharibi Mama Echati akauliza kwa sauti ndogo, kama anaomba kitu kikubwa, je, na yeye katika umri wake anaweza kufundishwa kutembea tena hivyo? Mama Zainaba akamjibu anaweza, na mwezi huu tutakaokaa hapa unatosha kuanzia. Nikajikohoza, nikanyoosha kofia, nikijua naitwa.

"Mwalimu ni mimi," akasema bila kunitazama. "Huyu yuko darasa moja na wewe."

Kwa hiyo kesho baada ya sala ya alfajiri naanza mazoezi pamoja na bibi wa miaka themanini. Mnaocheka, chekeni mnyamaze, kisha mniombee dua asinishinde.