Mama Alivyochomoa Intavyu Yangu

Leo nimeaibika nikiwa nyumbani kwetu Kapseret, nimekaa kwa kiti chetu, nimevaa tai.

Nilikuwa na intavyu ya video. Kampuni moja ya Nairobi inatafuta fundi wa mitambo ya stima ya akiba kwa treni za mjini. Kazi kama hii nimeitafuta tangu nimalize chuo, mpaka shati la intavyu limeanza kupauka.

Nikajipanga. Laptop yangu betri ilikufa kitambo, ukiitoa kwa chaji inazima papo hapo. Kwa hivyo nikaichomeka kwa inveta, ile mashine ya betri inayoshika stima ikipotea, pamoja na ruta ya intaneti. Stima ya huku haiaminiki. (Mimi ni mtaalamu, najua.)

Jopo lilikuwa la watu watatu. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, akaniuliza, "Stima ikikatika treni ikiwa safarini, mfumo wako unafanya nini?"

Nikaeleza polepole kama mwalimu. Betri zinashika mara moja, jenereta inafuata. Taa za ishara na mawasiliano hazizimiki, vingine vinakatwa.

"La muhimu ni kuamua mapema kipi hakifai kuzimika," nikasema. Nikajipenda.

Hapo stima ikapotea. Kweli kabisa! Inveta ikashika, picha haikutikisika hata kidogo. Ningenyamaza. (Sikunyamaza.)

"Madam, hivi tunavyoongea stima imepotea hapa kwetu. Kuna kitu mmehisi?"

Wakatikisa vichwa. Mmoja akatabasamu, akaandika kitu. Jameni, nikajiona nimeajiriwa.

Kisha inveta ikaanza kulia. Pii, pii, pii. Imelemewa! Nikashangaa, maana laptop na ruta haziwezi kuilemea. Kuangalia chini, naona waya wa tatu unapita chini ya mlango kuelekea chumba cha vifaranga. Mama alikuwa amechomeka ile taa yao kubwa ya joto bila kuniambia.

Mlango ukafunguka. Mama akaingia na gambuti zake, hata hakuangalia skrini.

"Kiprop, ni nini inalia hivyo?"

"Mama, tafadhali, niko kwa intavyu."

"Intavyu si ni kuongea tu? Ongea! Vifaranga watakufa na baridi. Hii kitu yako ndio inamaliza stima yao."

Akainama, akachomoa laptop.

Inveta ikanyamaza. Lazima niseme ukweli, mfumo ulifanya kazi vizuri sana.

Nikaingia tena kwa intavyu nikitumia simu, naomba radhi. Jopo zima lilikuwa linapangusa machozi.

"Vifaranga wako salama?" mwenyekiti akauliza.

"Wako salama, madam."

"Basi tuishie hapo. Tutakupigia. Msalimie mama sana."

Nyinyi mliofanya intavyu mnajua. Ikiisha kwa "msalimie mama," hiyo kazi imeenda.

Salamu nimezifikisha. Mama amefurahi sana, anauliza naripoti lini. Sasa nione mtu akicheka.