Trekta Iliyopakwa Mafuta ya Papa

Jumatatu, 1 Julai

Baridi! Kusi linavuma tangu alfajiri na manyunyu hayakatiki. Nimevaa sweta mbili. Nusra, mke wangu, anasema naonekana kama godoro. Nimemsamehe.

Dada Mwanamkisi amepiga simu kutoka Pate. Eda yake imekwisha, na hii ndiyo mvua ya kwanza tangu atoke edani. Anataka kupanda kunde na pojo kabla manyunyu haya ya kipupwe hayajakatika. Siku kumi hivi, si zaidi. Akaniomba niende nikae naye siku za kupanda. Nikamwambia asiwe na shaka hata chembe. Nina trekta!

Ninayo kweli, tangu wiki iliyopita. Ndogo, ya bustani, nyekundu pale ambapo kutu haijafika, na imenizidi umri. Ilikuwa ikikata nyasi katika hoteli moja kule Manda, iliyofungwa zamani. Nimebadilishana na mwenyewe, nikampa punda wangu. Punda alikuwa mzima. Trekta itakuwa nzima, inshallah.

Dada akasema pia kwamba jirani wa shamba, Abdulghafur, aliyefiwa na mkewe mwaka juzi, amejitolea kuleta watu kumi na majembe yao Alhamisi. Bure, kwa kusaidiana. Nikamwambia akatae. Mwanamume anayechana ndevu vile haleti jembe bure. Baba hayupo, mimi ndiye walii wa dada yangu, msimamizi wa ndoa yake, lazima niwe macho. Akasema haya, atakataa, akakata simu.

Jumatano, 3 Julai

Haiwaki. Nimevuta kamba mpaka bega limeniambia basi.

Nilimwita Bakr, fundi wa mashine za boti hapa mtaani kwetu Langoni, Lamu. Akainusa petroli, akasema ni ya zamani na imeingia maji, nimwage yote. Plagi ina unyevu wa kipupwe, ikaushwe. Kabureta isafishwe. Na mkanda unaozungusha magurudumu umepasukapasuka, niagize mwingine Mombasa, siku tano. Nikamshukuru sana. Alipopinda kona nikacheka. Kwa fundi hakuna kitu kizima.

Petroli nimeichuja kwa leso ya Nusra. Plagi nimeikausha kwenye jiko la mkaa, kando ya mkate wa mofa. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Ikawaka! Kwa dakika moja nilikuwa mtu mkubwa sana.

Alhamisi, 4 Julai

Leo ndiyo ingekuwa siku ya majembe. Dada anasema wale watu kumi wamekwenda kulima kwa mtu mwingine. Vizuri. Sauti yake haikuwa na furaha, lakini simu zenyewe siku hizi hazisikiki vizuri.

Ijumaa, 5 Julai

Kutu inatembea. Jana ilikuwa kwenye ringi, leo iko kwenye usukani. Hewa ya chumvi hii.

Kisha nikamkumbuka babu. Alikuwa fundi wa majahazi Matondoni, na kila chombo alichokipaka mafuta ya papa kilikaa miaka. Ikiwa mbao haziliwi na maji, chuma kitakuwaje? Nimenunua dumu zima. Nimepaka bodi, ringi, minyororo, kiti, plau ndogo ya nyuma. Mkanda nao nimeupaka mara mbili, ulainike.

Bakr akapita ameziba pua. Akauliza kama nimepaka na mkanda. Nikamjibu kwamba elimu hii ni ya ukoo wetu.

Niliporudi kutoka msikitini nikakuta paka. Niliwahesabu mpaka ishirini na sita, nikaacha. Wanailamba trekta yangu. Dume mmoja wa kijivu amekalia kiti na hataki kushuka, amenikwaruza mara mbili. Nusra amehamia kwa mama yake mpaka harufu iishe. Hakuniuliza itaisha lini.

Jumapili, 7 Julai

Siku mbaya. Nataka kuiandika upesi.

Wapagazi wanane kuipandisha botini. Nahodha alitaka kuikataa kwa harufu. Abiria wote wakajibana upande mmoja, boti ikainama, tukafika gati la Mtangawanda, Pate, tumelowa. Paka wawili wamesafiri nasi bila nauli.

Gatini iliwaka kwa mvuto wa kwanza. Watu wakapiga makofi. Nikakaa wima, nikatia gia. Mashine ikanguruma kama simba, magurudumu yakasimama vilevile. Mkanda ulikuwa ukiteleza ndani ya mafuta ya papa. Basi nikaumwagia mchanga ili ushike. Ukashika! Nilikwenda hatua kumi na moja. Ya kumi na mbili, mkanda ukakatika na kunipiga mguuni.

Nikampigia Bakr. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Akasema ataagiza Mombasa, siku tano.

Kutoka pale kwenda kwa dada ni mwendo wa saa moja kwa miguu. Njia naijua tangu utotoni. Sikwenda. Ningemwambia nini, nimekuja mikono mitupu? Nilifunika trekta kwa turubai, nikarudi Lamu na boti ileile.

Jumatano, 10 Julai

Dada amepiga. Imenyesha siku mbili mfululizo, udongo laini, mbegu ziko tayari kapuni. Akauliza nakuja lini. Nikasema kesho. Mkanda haujafika.

Nilijaribu kukata mwingine kutokana na mpira wa tairi ya pikipiki. Bakr aliutazama kwa muda mrefu kisha akaniuliza kama nimekula.

Ijumaa, 12 Julai

Nimeamka, jua kali tena kama jana. Mbingu nyeupe, hakuna hata wingu la kusingizia. Mkanda umefika kwa boti ya asubuhi. Bila shaka!

Nikavuka mpaka Mtangawanda. Kutu imemaliza ringi moja, mbuzi wamekula kiti. Nimekodi punda watatu kuivuta mpaka shambani. Njia nzima watu walisimama kutoa pole, kama inavyotolewa msibani.

Shamba nikalikuta nusu limelimwa na kupandwa. Dada mwenyewe amelima, tangu Jumatatu, na Abdulghafur peke yake, kwa sababu wenzake tayari walikuwa na kazi kwingine. Nusu ya pili imekauka. Nilipiga jembe, likaruka. Mbegu iliyobaki imerudi kapuni mpaka mvua ya vuli. Ni chakula cha miezi, na ni mimi niliyekifanya kisiwepo.

Dada alinipakulia wali na samaki. Viganja vyake vina malengelenge. Mimi nikawa naeleza mkanda, na boti, na watu wa Mombasa walivyo wazito. Niliongea mpaka sahani ikaisha. Akanisubiri nimalize.

"Husni," akasema, "mimi sikukwambia ulete trekta. Nalikwambia uye ukae nami."

  Baadaye nilichukua jembe nikalima mistari miwili mifupi, mgongo ukagoma. Abdulghafur akaniletea maji. Viganja vyake ni vibaya kuliko vya dada. Najuta. Naandika kwa kalamu ili isifutike: najuta.

Jumapili, 21 Julai

Nimebadilika, alhamdulillahi. Hata Nusra, aliyerudi jana, amekiri kwamba nimekuwa mtulivu.

Dada amepiga simu. Kunde zimeota. Na Ijumaa baada ya sala, wazee wa Abdulghafur watakuja kuposa. Ameridhika naye. Mimi nitakubali, viganja vile nimeviona. Dada ameniomba jambo moja: niwasili Alhamisi, mapema, tukae wawili tu kabla nyumba haijajaa watu. Anasema hajakaa na mtu wa kwao tangu msiba. Machozi yalinitoka. Nikamwahidi.

Nilikuwa nimeshafunga mfuko. Kisha nikafikiri: wazee wa watu wanakuja, nyumba ile ina taa moja, dada yangu anaposwa kama mtu asiye na ndugu? Nimempata bwana mmoja huku Langoni mwenye jenereta. Ya zamani kidogo, lakini chuma chake si cha siku hizi. Ameichukua trekta hukohuko iliko shambani, akanipa jenereta na taa mia mbili za rangi. Jenereta inavuja mafuta mahali pamoja tu. Nitaiziba mwenyewe, siku tano hivi.

Kwa hiyo Alhamisi haitawezekana. Nimemtumia dada ujumbe kwamba wazee wakifika kabla yangu awakaribishe, waanze tu. Hajajibu. Ataelewa akiziona taa.