Maswali Niliyoyakosa kwa Hiari Yangu

Jumatatu, 4 Machi
Kesho ni mtihani wa nadharia ya urubani. Binamu yangu, binti wa Shangazi, amemeza vitabu vyote. Nyumbani tunamwita Kamusi. Anasema alama ni uso wa mtu. Mimi nasema ndege haijui alama. Mabawa hayasomi cheti! Tunakodolea macho kiti kimoja: rubani msaidizi katika kampuni ya ndege za mizigo. Bila leseni, hakuna kiti.

Leo Kapteni, mwalimu wetu, katoboa siri bila kujua thamani yake. Baada ya karatasi kuna mtahini wa ana kwa ana. Huyo hutazama mada ulizokosea, akakubana papo hapo. Wenzangu wameingiwa na hofu. Mimi nimeingiwa na nuru. Hali ya hewa naijua tangu utotoni, tulipokuwa tukilala chali juu ya paa, mimi na Kamusi, tukiyapa mawingu majina. Basi nitakosea hali ya hewa kwa makusudi! Mtahini akiniuliza mawingu, nitayamwaga mpaka aombe mwavuli.

Jumanne, 5 Machi
Nimetenda. Kila swali la hali ya hewa nimelipa jibu baya. Inauma kama kumkana mtoto wako mbele za watu.

Alama za kupita ni sabini. Nimepata sabini. Sikuwa nimepigia hesabu yale nitakayokosea bila makusudi. Kamusi kapata tisini na saba, naye analilia tatu zilizobaki. Shangazi kanihurumia. Kaniongezea mboga tu. Heri angenitukana!

Alhamisi, 7 Machi
Msiba. Kapteni hanitumi kwa mtahini mpaka nifundishwe upya nilichokosea. Na nani wa kunifundisha? Kamusi!

Kaniuliza mbele ya wanafunzi wapya kama nalijua wingu. Nikasema nalijua. Akasema basi wingu ndilo halinijui. Darasa zima hoi. Nikamfuata Kapteni nje, nikamweleza ukweli wote. Akasema visingizio amevisikia vya kila namna, ila hiki ndicho cha kwanza chenye mabawa.

Kamusi kaeleza ukungu wa alfajiri, unavyojilaza bondeni usiku ukiwa shwari na mbingu ikiwa wazi. Nilidhani naujua. Nimeandika pembeni, kwa herufi ndogo, asione.

Jumanne, 12 Machi
Mtahini ni mzee mpole mwenye miwani mizito. Kasoma mada zangu, kaguna. Nikajiweka mkao wa mawingu. Hakuuliza wingu hata moja! Kanitoa nje, kanyooshea kidole bonde lililo mwisho wa njia ya kurukia. Akataka kujua kama ningeondoka na ndege kesho alfajiri, usiku ukipita bila upepo. Nikasema siondoki ng'o, nikamweleza ukungu, neno kwa neno. Kanipa mkono. Nimepita!

Mpango wangu umefanya kazi barabara. Kamusi anadai shukrani. Za nini?

Ijumaa, 15 Machi
Usaili wa kampuni. Kamusi kaja na karatasi yake ya tisini na saba ndani ya plastiki. Meneja hakuigusa. Kauliza tuna jumla ya saa ngapi za kuruka, basi, tena kama tunaweza kukaa bega kwa bega na mtu siku nzima bila kugombana. Kamusi akanionyesha kwa kidevu, akasema amekaa na huyu tangu akiwa na meno ya maziwa. Meneja akacheka mpaka akafuta machozi. Kiti kimekwenda kwake.

Mimi nimeahidiwa kiti cha pili mwezi ujao, daktari wa kampuni akiniona mzima. Nimemwambia Kamusi kumbe alama si kitu. Kanijibu kwamba mwenye sabini lazima aseme hivyo.

Jumatatu, 18 Machi
Daktari ni kesho. Macho yangu ni ya mwewe. Wasiwasi wangu ni sikio la kulia, ambalo siku hizi hunisikilizia linapopenda. Nimewaza sana. Nitajifanya jicho la kushoto halioni vizuri! Daktari atalichunguza kutwa, atalikuta zima, atachoka, na sikio halitafikiwa.

Nimeanza mazoezi. Nimegonga mlango mara mbili na kabati mara moja. Shangazi kashika kifua, kasema mtu kama mimi asiruhusiwe kupanda hata ngazi.

Ameamini kabisa! Daktari naye ataamini.