Jiko Jipya la Hashimu Futi

Asubuhi ile habari iliwahi kufika kijiweni kuliko kahawa. Josephina, muuza kahawa wetu, alikuwa bado anapepea mkaa, sisi tumeshajipanga kwenye benchi letu pale Kilakala, nyuma ya nyumba ya Hashimu, vikombe vitupu mkononi, mara Mikidadi akatokea mbio, kandambili moja mguuni na nyingine kaishika. Huyu tunamwita Redio Mbao. Mvua ikinyesha mlimani, yeye ameshaitangaza huku chini kabla mawingu hayajakaa sawa.

"Shikamoo Diwani. Jamani, Hashimu anatafuta jiko jipya!"

Kijiweni kwetu ukisema jiko, hakuna anayewaza moto. Mwanaume akivuta jiko, ameoa.

Mzee Pazi, ambaye tunamwita Diwani kwa sababu aligombea mara moja akapigiwa kura na ndugu zake tu, na si wote, akakaa wima. "Marahaba. Hebu rudia hapo."

"Jiko jipya! Nimemkuta kwa macho yangu dukani kwa Harshad. Anaulizia lenye shingo ndefu, linalong'aa."

"Kwa Harshad? Kwani Harshad ana binti wa kuoza?"

"Mimi sijui ni wa nani. Nimesikia anamwambia Bi Shirin, mke wa Harshad: la kwangu lisiwe kubwa sana, nafasi yenyewe finyu."

"Astaghafirullah! Mkewe Mwaisha yuko Matombo anamuuguza mama yake, huku mtu anavuta mrembo wa shingo ndefu!"

"Subiri, bado. Akauliza kama linashika kutu."

"Kutu?" nikauliza mimi. "Mke anashikaje kutu?"

"Wewe mtoto," Diwani akanijibu, na mimi nina wajukuu, "ukimuacha nje kwenye mvua, anashika."

Josephina akampiga na kipepeo cha mkaa begani. "Mkeo wewe alishika kutu kwa kukusikiliza."

Tukacheka. Dereva mmoja wa gari za Matombo, aliyekuwa amepita kunywa kahawa, hakucheka. Aliimeza ya kwake ikiwa ya moto, akaondoka kama mtu aliyebeba dawa ya hospitali. Hatukumtilia maanani. Hapo ndipo tulipokosea.

Karibu na adhuhuri, sisi bado tupo benchini, Hashimu mwenyewe akaja. Ni fundi cherehani, futi ya kupimia haimtoki shingoni, ndiyo maana akaitwa Futi.

"Bwana harusi!" Diwani akamwamkia. "Mahari umepeleka kwa cherehani au kwa mkono?"

"Harusi gani?"

"Usitufiche bwana. Jiko jipya, shingo ndefu, linang'aa."

Hashimu akatutazama mmoja mmoja, kisha akamtazama Mikidadi, akaelewa. "Sinki, nyie mahayawani! Natafuta sinki. Shingo ndefu ni ya koki! Nakarabati jiko la kupikia, lile lenye moshi!"

Benchi zima likanyong'onyea. Mikidadi ndiye aliyeumia zaidi, maana habari ilikuwa nzuri kuliko ukweli wake.

"Sinki la nini sasa?" Diwani akanuna. "Mama yangu ameoshea vyombo kwenye karai maisha yake yote."

"Na alitembeaje uzeeni?" Josephina akauliza.

Diwani akanywa kahawa. Sote tulimkumbuka yule bibi, alivyokuwa amejikunja, anaongea na vidole vyake vya miguu.

Hashimu akakaa. Sauti ikashuka. "Siku anaondoka, Mwaisha aliniambia, 'Baba Raya, mgongo wangu hauna spea. Mama akipona, sijui kama nitarudi kuinamia karai lako uani.' Mimi nikacheka. Sasa mama yake amepona, anachunga mbuzi, na Mwaisha harudi. Nikimpigia ananiambia huku kuna baridi nzuri."

"Eh!" tukasema.

"Juzi nimeosha vyombo mwenyewe. Sufuria moja tu ya ugali. Kuinuka, nimeinuka nimeshika ukuta."

Basi, mjadala ukaanza kweli kweli. Kijiwe ambacho hakijawahi kusuuza kijiko kikageuka chuo cha masinki.

"Chukua la mabakuli mawili," Diwani akaamua. "Moja la kuoshea, moja la kusuuzia. Ndiyo hadhi."

"Jiko lake lenyewe ukiingia na kivuli chako mmebanana," nikasema. "Mabakuli mawili atayaweka wapi? Mlangoni?"

"Na koki iwe ile ya shingo ya korongo," Mikidadi akadakia, keshafungua simu. "Tazameni hii. Inainama, inanyooka, inazunguka. Ya kishua! Mama Raya akiiona analia."

"Dirisha la jikoni linafungukia ndani," Hashimu akasema. "Shingo ndefu haitalizuia?"

"Dirisha la nini?" Diwani akang'aka. "Anapika au anachungulia watu?"

"Tatizo si hilo. Bi Shirin ameniuliza mambo mawili, nimeshindwa kujibu. Sufuria kubwa ya mke wangu ina upana gani, na kiwiko chake kinafika wapi. Anasema sinki likikaa chini ya hapo sana, ni karai lilelile, limepandishwa cheo tu."

"Na wewe hujui?" Josephina aliacha kupepea. "Futi! Umewapima wanawake wa Kilakala wote! Mimi mwenyewe unanijua mpaka bega lililoshuka. Mkeo hujui kiwiko chake?"

Hashimu akaishika futi yake kama mtu anayetaka kujinyonga nayo. "Mke wa fundi ndiye wa mwisho kushonewa," akasema taratibu. "Huwa ananunua za mtumba."

"Mpigie umuulize," nikasema.

"Nataka iwe siri, nimshtukize."

"Uliza kwa kuzunguka," Diwani akashauri. "Siasa hiyo. Weka sauti kubwa tukusaidie."

Hashimu akapiga. Tukainamia ile simu kama watu wanaota moto.

"Mke wangu, hujambo? Mama anaendeleaje?"

"Hatujambo." Sauti ilikuwa ya baridi ya Matombo hasa.

"Eti... wewe ni mrefu kiasi gani?"

Jogoo akawika huko mlimani.

"Unasemaje?"

"Urefu tu. Si mpaka utosini. Kiwiko mpaka chini kinanitosha."

"Hashimu." Alipomwita jina badala ya Baba Raya, Diwani akafumba macho. "Miaka yote hii hujawahi kunipima hata mkono wa gauni. Leo niko mbali unataka vipimo vyangu. Unanishonea sanda?"

"Hapana! Ni... ni kwa ajili ya jiko!"

Mikidadi akajipiga kofi la paji la uso. Simuni ikatoka sauti ndogo, kali kama sindano.

"Kumbe dereva hakusema uongo. Na kipimo unachukua kwangu ili umshonee yeye!"

Ikakatika. Akapiga tena, haipatikani. Baadaye ndipo tulipojua habari yetu ilivyosafiri. Ilitoka kijiweni ikiwa jiko dogo lenye shingo ndefu. Ilipopita Mkuyuni lilikuwa jiko la kutoka Dar. Kufika Matombo, jiko lina mimba.

Hashimu alikaa na kikombe mpaka kahawa ikapoa kabisa. Sisi, badala ya kumuonea huruma, tukaendelea kumshauri, kwa sababu ndiyo kazi tunayoiweza. Diwani akasema dawa ya mwanamke mwenye hasira ni kitu kinachong'aa. Na Hashimu, ambaye siku hiyo angekubali hata kununua ndege, akaenda kwa Harshad akarudi na sinki la stili la mabakuli mawili na koki ya shingo ya korongo. Bi Shirin alimuuliza tena kuhusu sufuria. Akamjibu, "Tutajua mbele." Yule mama akamwambia vizuri tu: akalijaribu bila kulichafua wala kuligusisha saruji, likikataa alirudishe.

Kesho yake tuliingia jikoni. Kwa kujaribisha, tulilipanga lile sinki juu ya matofali, chini ya dirisha. Lilikula ukuta mzima. Kabati la vyombo likahamia ukumbini. Koki ikasimamishwa mahali pake, Hashimu akavuta dirisha, dirisha likagonga shingo ya korongo, ngaa! Halikufunguka hata kwa mjusi.

"Hilo dogo," Diwani akasema kwa heshima ya mtu aliyeshauri. "Tuone urefu kwanza. Mwaisha yuko sawa na nani hapa?"

"Ananifika hapa," Hashimu akasema, akagusa sikio. Kisha akagusa bega. Kisha akaushusha mkono.

"Yuko sawa na Diwani," Mikidadi akakata shauri. "Nimewahi kuwaona wamesimama msibani. Diwani, simama hapo ujifanye unaosha."

"Vizuri, lakini kiuno hakionekani na hilo koti," nikasema. "Lazima tujue kiuno kinaanzia wapi, ndipo mtu anapoinamia."

Nakiri wazo la kanga lilikuwa langu. Ilikuwa inaning'inia nyuma ya mlango. Tukamvua Diwani koti, tukamfunga kanga kiunoni, na nyingine Mikidadi akamtupia kichwani, eti kwa ukamilifu. Diwani akakunja mikono ya shati, akainamia sinki, akaanza kusugua sahani ya hewani kwa madaha, akitikisa mabega.

"Mgongo unauma?" Hashimu akamuuliza kwa dhati, futi mkononi.

"Unauma kidogo, mume wangu," Diwani akajibu kwa sauti nyembamba.

"Basi nyoosha kiwiko, mpenzi, nikupime."

Hapo ndipo mlango ulipofunguka.

Mwaisha alisimama pale, vumbi la barabara ya Matombo kichwani, mkoba begani. Nyuma yake mjomba wake, Mzee Thobias, ameletwa kwa shauri maalumu. Na kwetu Uluguruni mjomba akiletwa, ujue shauri limekomaa. Mkononi ana fimbo. Alichokiona kwanza ni mgongo wa mtu mwenye kanga ya mpwa wake, na Hashimu amemshika mkono.

"Ndiye huyu?" Mwaisha akauliza. Hakupaza sauti.

Diwani akageuka.

Sijui kama umewahi kuona hasira ikikosa pa kukaa. Mwaisha alifungua mdomo ukabaki hivyo. Mzee Thobias akasogea karibu, akamkagua Diwani kuanzia kanga ya kichwani mpaka kidevuni.

"Mwanangu Hashimu," akasema, "sisi hatukatai mkwe wetu kuongeza jiko. Lakini hili lina ndevu."

Mikidadi alikimbilia dirishani atoroke, akili ikiwa imesahau kwamba dirisha halifunguki. Aliligonga akarudi. Mimi nilijibana kwenye matofali. Hashimu ndiye pekee aliyesimama pale pale.

"Jiko jipya ni hilo," akasema, akionyesha sinki kwa futi. "Hakuna mwingine. Nilitaka ukirudi usiiname."

Mwaisha akalitazama lile sinki. Akatazama koki. Akatazama jinsi lilivyolala juu ya matofali, limejaa ukuta hadi ukuta. Kisha akatembea hadi uani, akarudi na sufuria yake ya pilau, ile ya shughuli, akaishusha kwenye bakuli la kwanza. Haikuingia. La pili, haikuingia. Akaibandika juu ya yote mawili, ikakaa kama kofia ya mtu mwingine.

"Nani kachagua?"

Tukamwonyesha Diwani. Sote kwa pamoja, hata Hashimu.

"Baba Raya," akasema, na kwa lile jina tu tukajua Hashimu amepona, "miaka yote naosha vyombo katika nyumba hii, na wa kumuuliza ukamwona Mzee Pazi?"

Akaanza kucheka. Alicheka akashika mgongo, akakaa juu ya tofali, machozi yakamtoka, na katikati ya kicheko yale machozi yakawa machozi kweli. Hashimu akachuchumaa mbele yake. Hakujua la kufanya na mikono, ikabidi afanye kazi anayoijua. Akafungua futi akampima, kiwiko mpaka chini, pole pole, sisi tukitazama ukutani.

"Ungeniuliza," Mwaisha akasema.

"Nilikuuliza."

"Uliuliza kama mzika maiti."

Jioni ile walikwenda wenyewe kwa Harshad, sinki limebebwa na bodaboda, sufuria ya pilau amebeba Mwaisha kichwani. Tulisikia kwa Mikidadi, aliyewafuata kwa mbali, kwamba Bi Shirin alilipokea lile la kwanza, akamwachia Mwaisha duka zima achague. Mambo yakaisha kabla Harshad hajamaliza chai yake. Walichukua sinki la bakuli moja, lenye kina, sufuria inazama yote, na koki fupi inayogeuzwa pembeni. Fundi Godlisten akajengea meza ya zege kwenye kipimo cha kiwiko, sinki likakaa chini ya dirisha. Mzee Thobias akala pilau ya uzinduzi, akaosha mikono mara tatu kwa kupenda ile koki tu, akarudi Matombo bila shauri.

Mwaisha sasa anaosha vyombo amesimama wima kama askari wa gwaride, dirisha liko wazi kabisa, na hapo ndipo msiba wetu ulipo. Lile dirisha linatazama benchi letu. Maji yakiwa yanatiririka, tunasengenya kwa raha zetu. Koki ikifungwa ghafla na sahani haigongi sahani, Diwani anaimeza kahawa yake kwa mkupuo, anakumbuka ana mgonjwa wa kumtazama, na sisi wengine tunasimama mmoja mmoja, bila kuagana.