Sinia Kwenye Madigadi

Jumamosi, 3 Mei
Tulikwenda kwa mwanyumba wangu, huyu aliyeoa dada wa mke wangu. Gari lake kuukuu, umri mmoja na langu, sasa bodi yote mpya. Linang'aa! Eti kafanya mwenyewe, uani kwake. Nani kamuuliza? Mama mkwe akapapasa boneti kama kichwa cha mjukuu. Mimi hajawahi kunisifia hata kiatu. Akatangaza kwamba Jumamosi ijayo, harusi ya kitindamimba wake, ataenda na gari hilo. Roho iliniuma mpaka nikajisikia nasema langu nalo nalitengeneza, liko karibu kwisha. Akafurahi. Basi Alhamisi atayaona yote mawili, achague.

Langu liko chini ya turubai. Kuku wanatagia humo.

Jumapili, 4 Mei
Nimefunua turubai. Kuku wamelalamika sana. Madigadi ya kushoto ina tundu la kupitisha kichwa. (Nimejaribu. Mke wangu alinikuta.) Fundi rangi wa pale kona alipita akasema kutu ikatwe, lichomelewe bati jipya. Nikamwambia nina puti ya kutosha, ule ute wa kuzibia matundu unaokauka kama jiwe. Akajibu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Wivu tu! Kaona nitamharibia soko.

Jumanne, 6 Mei
Nimeng'amua. Gari la mwanyumba ni puti tupu! Haiwezekani vinginevyo. Nikachomoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, nikaenda kwake kama mtu anayekuja kusalimia. Boneti, sumaku ikanasa. Buti, ikanasa. Mlango, ikanasa ikakataa kutoka. Chuma kitupu, Mungu wangu! Shemeji akatokea, akauliza mbona nimekumbatia gari. Nikasema nalipongeza. Mwanyumba naye akaja, akaibandua sumaku kwa uso mkunjufu, akasema nimetoa wazo zuri mno: Alhamisi ataileta, mama mkwe apime magari yote mawili.

Sijala chakula cha usiku.

Jumatano, 7 Mei
Nimepata sumaku nyingine. Kwenye puti yangu inaanguka. Kila mahali inaanguka. Nahitaji chuma. Sufuria zetu zote ni alumini, nyumba gani hii? Kisha juu ya kabati nikaona sinia la bati lenye maua, halijatumika tangu tuoane. Likakaa kwenye tundu kana kwamba lilizaliwa humo! Puti juu, msasa, rangi. Sumaku ikanasa. Nilicheza uani peke yangu mpaka kuku wakakimbia.

Alhamisi, 8 Mei
Walikuja. Mwanyumba akaweka sumaku kwenye madigadi yangu. Ikanasa! Uso ulimshuka, au labda lilikuwa jua, lakini mimi nimeandika ulimshuka. Mama mkwe akapapasa madigadi. Yangu! Akasema kumbe mkwe wake huyu naye ana mikono. Sijawahi kufurahi hivyo. Akaingia kujaribu kiti, akaubamiza mlango kama wa friji mbovu.

Puti ikaanguka yote, kipande kimoja. Yakabaki maua mekundu na jani.

Mama mkwe alishuka, akavaa miwani, akainama. Akasema sinia hilo alilinunua mwenyewe, zawadi ya harusi yetu, na alikuwa akijiuliza kwa nini hajawahi kuandaliwa nalo. Mke wangu alilichomoa sinia, akaingia nalo ndani. Afadhali angetukana.

Jumamosi, 10 Mei
Harusi. Mama mkwe mbele, katika gari la mwanyumba. Mimi kiti cha nyuma. Njia nzima watu wanapunga mkono, na hawanipungii mimi. Mwanyumba akageuka akasema kesho atakuja na mashine ya kuchomelea na bati zima, bure, tumalize pamoja. Mama mkwe akamwombea dua ndefu.

Jumapili, 11 Mei
Alfajiri mwanyumba yuko getini na mashine yake. Nikamshukuru, nikamrudisha. Mtu haamki mapema hivyo kwa ajili ya gari la mwenzake bila kijicho. Ananionea wivu!

Tena kosa nimeligundua mwenyewe. Sinia linateleza. Nilipaswa kulipiga msasa kwanza, ndipo puti ishike. Mke wangu amelificha lile, lakini jana pale kwa mama mkwe niliona jingine ukutani. Kubwa zaidi, na halina maua.

Kesho nitakwenda kumsalimia. Atafurahi, maana sijawahi kwenda peke yangu. Nitavaa koti pana.